Miaka saba Valencia: mabomu ya saa nane, ukoko na Baltasar

(Haya ni maongezi niliyotoa mwezi wa tano mwaka 2025 kwenye mkusanyiko wetu Waswahili tunaoishi Uhispania. Waliokosa wameniomba niandike, basi nimeandika vile vile nilivyoongea, mkiona sentensi haina breki mjue ndivyo ninavyoongea hata nyumbani.)

Asalam aleikum. Bwana asifiwe. Na wale wa katikati, mambo vipi.

Jamani nimepewa dakika ishirini niongelee kulea familia katikati ya mila za watu, nikasema mnanionea, mimi sio mtaalamu wa kitu, mimi ni mama wa watoto wawili, mtu wa Tanga, Ngamiani, na baba watoto ni Mpare wa Usangi, yuko pale nyuma anajifanya anaangalia simu. Kwa hiyo sitawapa nadharia. Nitawaambia yaliyotukuta, nyie mtajua wenyewe mnachukua nini.

Tulifika Valencia mwezi wa pili 2018. Sasa kuna mtu anawahamia wenzake mwezi wa pili halafu hakuna hata mmoja anayemwambia kwamba tarehe mosi mwezi wa tatu kuna nini? Hakuna aliyetuambia. Siku ile nimetoka na mtoto mdogo, ana miaka mitatu, nimeenda mjini kwenye ofisi fulani ya makaratasi, nimemaliza natembea zangu karibu na ule uwanja wa manispaa, naona watu wengi wamesimama, wengi kweli kweli, wazee, wanafunzi, watu na suti zao, wote wanatazama upande mmoja, nikajua labda kuna msanii. Saa nane kamili mchana, jua linawaka. Nikasikia PAA. Halafu ikafuata ya pili, ya kumi, halafu ikawa haihesabiki tena, ardhi inatetemeka, vioo vya maduka vinalia, kifua kinapigwa kutoka ndani.

Naomba mnielewe. Mwezi wa pili 2011 mimi nilikuwa nakaa Gongo la Mboto. Wale waliokuwepo Dar wanajua ninachosema, usiku ule ghala la silaha lilipolipuka tulikimbia hatujui tunakwenda wapi, nilifika Buguruni kwa miguu nimevaa khanga moja. Sasa mwili wangu hauna habari kwamba hii ni Ulaya na hii ni sherehe. Nikamvua mtoto viatu, sijui kwa nini nilimvua mtoto viatu mpaka leo, nikambeba, nikakimbia. Nakimbia napishana na watu wanacheka, wanapiga makofi, mama mmoja mtu mzima amefumba macho anatabasamu kama anasikiliza taarab.

Hiyo ndiyo mascletà. Kila siku kuanzia tarehe 1 hadi 19 mwezi wa tatu, saa nane mchana, wanalipua baruti katikati ya mji kwa dakika tano sita hivi, na sio fataki za kuangalia, ni za kusikiliza, ndio maana zinapigwa mchana. Wana wajuzi wanaobishana kabisa ya leo ilikuwa na mdundo, ya jana ilipoa katikati, ile ya kumalizia imepanda vizuri. Mwaka wa kwanza nilijifungia ndani. Wa pili nikasimama mbali. Sasa hivi nina maoni yangu, na mwaka huu nimewahi kumwambia mtu kwamba ya tarehe fulani ilikuwa haina chumvi, akakubali.

Tuliporudi nyumbani siku ile ya kwanza, natetemeka, mtoto pekupeku, tukakutana kwenye lifti na bibi wa ghorofa ya tatu. Hatujuani. Akaangalia miguu ya mtoto, akaniangalia mimi, akasema maneno mengi sana na mimi Kihispania changu kilikuwa ni ola na grasias, akashuka na sisi kwenye ghorofa yetu, akaingia ndani bila kukaribishwa, akakaa, akamvalisha mtoto soksi zangu. Akakaa saa mbili nzima. Huyo bibi leo ndio mtu wetu. Watoto wanamwita yaya, maana Valencia bibi mzaa mama au mzaa baba anaitwa yaya. Sasa nampigia mama yangu Tanga, ananiuliza wajukuu wako wapi, nasema wako kwa yaya. Mama akanyamaza. Kesho yake akampigia dada yangu mkubwa kulalamika kwamba mtoto ameenda Ulaya ana mwezi mmoja tu tayari kaweka mfanyakazi wa ndani, na kazi hana! Ilichukua muda kumwelewesha kwamba huyo yaya ana miaka sabini na kitu na anayetumwa dukani ni mimi.

Mama ndiye aliyeniambia lile neno la wazee, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akasema na wewe usisubiri kupewa, ombeni jembe. Nikaona sawa, maneno ya watu wazima, nikayaweka pembeni.

Niseme kidogo kuhusu majina maana najua humu ndani kuna watu wana kesi kama yetu. Huku kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la kwanza la baba, la pili la mama, na mwanamke akiolewa habadilishi kitu, abaki na yake. Mfumo mzuri tu. Lakini sisi tumekuja na majina yetu matatu, lako, la baba, la babu. Mtu wa dirishani akachukua jina la mwanangu, akaona la katikati, hilo la baba, akaandika. Akaona la tatu, la babu, akaliweka pale panapokaa ukoo wa mama. Kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi za nchi hii mama wa watoto wangu ni baba mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alafu baba watoto na watoto hawafanani jina hata moja mahali panapotakiwa, kila tukisafiri tunaulizwa hawa ni wa nani. Kurekebisha tulizungushwa miezi kumi na moja. Mkija na watoto, njooni na vyeti vya kuzaliwa vilivyotafsiriwa na mtafsiri wa kiapo, mtanishukuru.

Turudi kwenye chakula, ndiko kwenye utamu.

Kila mtaa wa Valencia una casal, ni kama klabu ya mtaa, watu wanachanga mwaka mzima kwa ajili ya Fallas, hizo sherehe za mwezi wa tatu. Kuna zaidi ya 350 mjini. Yaya alikuwa mwanachama tangu binti, akatuingiza mlango wa nyuma. Mwaka wa pili wakatualika siku ya paella. Sasa msifikirie ile paella ya hotelini yenye kamba na kome na limau pembeni. Ya kwao ni kuku na sungura, maharage mabichi yale mapana, na maharage meupe makubwa yanaitwa garrofó, nyanya, zafarani, tawi la rosmarini kwa baadhi ya watu, mafuta ya zeituni, mchele wa mviringo unaolimwa hapo hapo kwenye mabwawa ya Albufera. Inapikwa mchana, usiku ni aibu. Wanamwaga mchanga barabarani ili lami isiungue, wanawasha kuni za michungwa, kila kundi na karai lake pana. Na ukiweka kitu kisichokuwepo kwenye orodha yao, tuseme soseji, wanakwambia huo ni wali wenye vitu. Hilo ni tusi.

Yule mzee anayepika kundi letu akaenda msalani. Mimi nimekaa jirani na karai, naona wali unachemka, maji yanapungua, naona upande mmoja moto umezidi. Nyie mnajua mkono wa mwanamke wa Tanga na wali. Nikachukua mwiko nikageuza.

Jamani. Nilisikia sauti ambayo sijawahi kuisikia. Watu sita wamesimama kwa pamoja. Kijana mmoja ameshika kichwa kama timu yake imefungwa penalti. Mchele wa paella ukishawekwa haugeuzwi, kamwe, kwa sababu ukigeuza unatoa utelezi wake unakuwa uji, na pia unaharibu kile kinachoshika chini. Mzee akarudi, akaona, hakusema neno, akakaa chini akawasha sigara.

Na kile kinachoshika chini ndicho kilichotupatanisha. Wanakiita socarrat. Mimi nilipoona wanakwangua chini ya karai na vijiko vya mbao, wanagombania, mtu mzima ananyang'anya mtoto, nikamwambia baba watoto kwa Kiswahili, huyu si ukoko huyu? Ni ukoko, jamani! Ukoko wenye jina zuri. Nikawaambia kwa Kihispania changu kibovu kwamba kwetu ukoko ni wa watoto, na tunapigania, na bibi yangu alikuwa na tabia ya kuufunika chungu akautoe kimya kimya kwa mjukuu anayempenda. Na tena wanakula wote kwenye karai moja, kila mtu upande wake, huvuki kwa mwenzako, hilo nalo halikuhitaji somo, sinia ni sinia. Mzee wa sigara akanikata kipande cha ukoko akaniwekea upande wangu. Baadae kuosha masufuria wakanipa mimi, adhabu ya kugeuza, na tangu siku ile jina langu liko kwenye karatasi ya zamu ukutani, limeandikwa vibaya, kwenye mstari wa kuosha makarai. Miaka sita sasa. Kuku wetu tunanunua wenyewe kwenye bucha ya Wamoroko kule Ruzafa, karai letu lina kuku peke yake, na hakuna aliyewahi kuuliza mara mbili.

Kitu kingine cha chakula halafu niache, kuna kitu cha saa nne asubuhi kinaitwa esmorzaret, mafundi, madereva, maafisa, wote wanaacha kazi wanakaa kwenye mgahawa na mkate mrefu wenye vitu ndani, karanga, zeituni, na kahawa. Baba watoto alipogundua hilo kazini aliniambia kwa furaha kabisa, mama nanihii, hawa watu wana chai ya saa nne! Basi. Alishafika kwao.

Na yeye ana lake ambalo lazima niliseme kwa sababu ya utani, mnisamehe Wapare wote. Kuna siku ya Alhamisi alichelewa kurudi, simu hapokei. Kumbe alikuwa anapita mbele ya kanisa kuu saa sita mchana akakuta wazee wamevaa majoho meusi wamekaa nje mlangoni kwenye viti vimepangwa duara. Ile ni mahakama ya maji, inakaa kila Alhamisi kuamua ugomvi wa wakulima kuhusu mifereji. Mifereji minane, kila mmoja una mwakilishi wake, naye ni mkulima amechaguliwa na wakulima. Hakuna wakili, hakuna karatasi, unasema kwa mdomo, unahukumiwa hapo hapo, na rufaa hakuna. UNESCO wameitambua 2009. Mizizi yake inarudi zama za Waislamu, kabla mfalme Jaume hajauteka mji mwaka 1238, na hata neno lao la mfereji, acequia, ni Kiarabu, kama vile zafarani na azafrán, kama fulani na fulano, jamani wana fulano! Nilipolisikia mara ya kwanza kwenye basi niligeuka nikidhani Mswahili.

Sasa mchukue Mpare, ambaye inasemwa yuko tayari kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, mkutanishe na mahakama ya bure, ya hadhara, tena inayohusu maji. Amekulia kwenye ndiva, yale mabwawa ya Wapare ya kukusanyia maji ya mashamba, babu yake alikuwa anagawa zamu za maji Usangi. Alikuwa na machozi, sitanii. Siku nyingi hakuna kesi, wanaita majina ya mifereji mmoja mmoja, hakuna anayejitokeza, wanasimama wanaondoka, dakika chache tu. Yeye anaenda hivyo hivyo. Ananiambia utamu uko kwenye kuita majina na kukuta hakuna aliyeiba maji.

Haya. Sasa Baltasar. Hili naliongea taratibu kidogo.

Huku watoto zawadi kubwa wanaletewa na wale wafalme watatu, sio baba Krismasi. Tarehe 5 mwezi wa kwanza jioni kunakuwa na maandamano, wafalme wanapita juu ya magari yaliyopambwa wanatupa pipi, usiku mtoto anaacha viatu nje, asubuhi ya 6 anakuta zawadi, na kuna mkate mtamu wa duara, roscón, ndani wanaficha kisanamu na punje ya haragwe, ukipata kisanamu unavaa taji, ukipata haragwe unalipia mkate. Sisi Waislamu, lakini watoto wako shuleni na wenzao, pipi haina dini, tukaenda kuangalia. 2019 hiyo. Wafalme wawili wazungu wakapita, halafu akaja wa tatu, Baltasar, ambaye kwenye masimulizi ni mweusi. Na huyu alikuwa mtu wa mtaani kwetu tu, amejipaka masizi uso mzima, midomo myekundu, shingo imebaki nyeupe kwa nyuma.

Mwanangu mkubwa, ana miaka sita, akaniuliza kwa sauti, kwa Kihispania, mama yule baba kwa nini amejichafua? Watu walio karibu wakasikia. Yaya alikuwa ametushika mikono. Akawa mwekundu kama nyanya. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu, tukaokota pipi.

Mimi sitawaambia kwamba walikuwa na nia mbaya, hapana, ni jambo la vizazi, wamekua nalo, mji hauna mweusi basi mtu anajipaka. Lakini sasa weusi tupo. Tunauza mboga, tunaendesha mabasi, tunawaogesha wazee wao. Miji mingi siku hizi imeacha, wanaomba mtu mweusi kweli, mingine bado inabishana kila Januari. Sikufungua mdomo kwenye mkutano wowote, ni yaya ndiye aliyefungua, nilikuja kusikia baadae kwamba aligombana na mpwa wake miaka miwili.

Basi Desemba 2022 watu watatu wakagonga mlango, wamekuja na keki, wamekaa kwenye ncha ya kochi kama watu wanaoleta posa. Wakamwomba baba watoto awe Baltasar wa mtaa. Mpare akaomba muda. Akampigia kaka yake mkubwa Same, kaka akauliza maswali ya msingi, huyo mfalme ni wa dini gani? Tukasoma, hao ni mamajusi kutoka mashariki, hawakuwa Wakristo bado maana Kristo ndio kwanza amezaliwa. Kaka akasema haya, kuna malipo? Hakuna. Kaka akasema basi fikiria vizuri.

Akakubali. Aliniambia tukiwa wawili, afadhali mimi kuliko masizi.

Wakamvalisha joho la kijani, kilemba, pete kila kidole. Msukuma, Mpare, Mzigua, ukivalishwa hivyo unakuwa mfalme, alikaa kwenye kile kiti na mgongo wake ukanyooka sijawahi kuona. Watoto wanapanda mmoja mmoja wanamnong'oneza wanachotaka. Kuna kimoja kikamvuta shavu, kikaangalia vidole vyake, kikamgeukia mama yake kikapiga kelele, mama haitoki! Huyu ni wa kweli! Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikacheka, na nikaumia hapo hapo kwa pamoja, kama mtu aliyekula pilipili kwenye embe.

Binti yetu naye akapanda. Tulimficha asijue. Amefika mbele ya mfalme, amempa barua yake, ameanza kushuka, baba mtu akakohoa kile kikohozi chake cha vumbi la Usangi. Binti akasimama. Akageuka. Akamtazama muda mrefu. Akaja kwangu akaniambia kwa Kiswahili, polepole ili wenzake wasielewe, mama, Baltasar anakohoa kama baba. Nikamwambia wafalme wengi wanakohoa, njiani kuna baridi. Hajauliza tena mpaka leo na ana miaka kumi, nadhani ameamua kunitunzia siri.

Lakini nisiwadanganye kwamba tukawa familia moja tukaishi raha mustarehe. Januari ile kila mtu mtaani alimsalimia baba watoto, Baltasar huyo, Baltasar vipi. Mwezi wa tatu tulikuwa tunatafuta nyumba kubwa zaidi, tumepiga simu kwa mwenye nyumba mitaa mitatu kutoka pale, simu nzuri kabisa, tumefika kuangalia, ametuona, nyumba imeshachukuliwa dakika hiyo hiyo. Tangazo likakaa wiki tano. Hilo nalo ni la huku huku, lina mizizi yake, ila hakuna anayelipangia sherehe.

Dakika zangu zinaisha, niseme ya binti na ya tope halafu nishuke.

2024 binti akataka kuwa fallera, yaani avae lile gauni na kutembea na watoto wa casal. Gauni zile ni hariri imefumwa maua, ukiuliza bei unakaa chini, tuliazima la mjukuu wa yaya. Shida ikawa nywele. Mtindo wao ni vifundo vitatu, viwili masikioni kimoja nyuma, na vitana vya dhahabu dhahabu. Vifundo vya bandia vinauzwa, ila vimetengenezwa kwa nywele za kizungu, vinateleza kichwani kwa binti yangu kama sabuni. Nikakaa sebuleni usiku nikamsuka twende kilioni safi, vimeenda nyuma vyote, nikavisokota vya bandia kwa nywele za rasta nilizonunua kwa Wanaijeria, nikavishonea kwenye mistari. Asubuhi wasusi wa casal walikuja kuangalia kwa zamu. Vya watoto wengine vililegea saa sita, cha kwangu kilikaa siku tano.

Kuna ofrenda, tarehe 17 na 18, kila casal wanapeleka maua kwa Bikira wao, wanayapanga kwenye fremu kubwa mno mpaka yanakuwa joho lake. Hapo tulijadiliana wiki nzima nyumbani. Tukaamua atembee na wenzake njia nzima na shada lake, akifika uwanjani amkabidhi rafiki yake alipeleke. Akafanya hivyo. Aliyelia ni yule rafiki, sijui kwa nini, labda alichoka.

Na usiku wa 19 wanachoma. Masanamu ya mwaka mzima, mengine yana urefu wa ghorofa kadhaa, yamechangiwa, yamepakwa rangi, yanatania wanasiasa, zimamoto wanamwagia maji kuta za nyumba jirani, na yanachomwa. Yanaokolewa mawili tu madogo kwa kura za watu, moja la wakubwa na moja la watoto. Wanasema ilianza na maseremala kuchoma vipande vya mbao vya karakana mkesha wa mtakatifu Yosefu. Sisi tuna tabia ya kutunza, mama yangu ana vikombe vya harusi yake havijawahi kunywewa chai. Nilimuuliza yaya haumii? Akasema anaumia kila mwaka, ndio maana anakuja.

Tope sasa. Tarehe 29 mwezi wa kumi 2024. Mtaani kwetu mvua haikuwa ya kutisha hata kidogo, ndio jambo baya zaidi, tulikuwa tumekaa tunaangalia tivii. Tahadhari ililia kwenye simu saa mbili na dakika 11 usiku, na kumbe huko upande wa pili wa mto watu walishakuwa juu ya magari masaa. Mji wenyewe ulipona kwa sababu baada ya mafuriko ya 1957 waliuhamisha mto Turia ukapita kusini, wa zamani ndio ile bustani tunayopigia picha. Waliokuwa upande wa kusini, Paiporta, Alfafar, La Torre, na wengine, ndio yaliwakuta. Watu zaidi ya 220 walikufa mkoani.

Kesho yake na keshokutwa watu wakaanza kuvuka daraja la waenda kwa miguu kwenda huko, maelfu, na mafagio, ndoo, maji ya kunywa. Casal yetu ikawa stoo, nguo na maziwa mpaka dari. Nilifika asubuhi nikauliza nifanye nini. Yule mzee wa paella, ambaye tangu nigeuze wali wake hajawahi kuniita kwa jina, akaingia ndani akatoka na koleo, mpini umepasuka umefungwa na solatepu, akaniwekea mkononi akaendelea na shughuli zake.

Tulichota tope siku tisa, mimi na baba watoto kwa kupokezana. Tope lile lina harufu ya dizeli na friji iliyooza, mpaka leo raba zangu zinanuka. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwanamke wa makamo yangu, tulitoa kila kitu barabarani, magodoro, mashine, albamu za picha zimegandana, na katikati ya tope nikakuta karai la paella, pana, la watu ishirini hivi. Nikamuuliza litupwe? Akalichukua akalitazama chini. Akasema hapana, hili lioshe.

Nikalipeleka bombani kwenye gari la maji nikaliosha. Kuosha makarai najua.

Mama yangu nilimpigia usiku ule sikumweleza mengi. Nilimwambia tu nimepewa koleo. Akauliza la nani? Nikasema la mzee mmoja. Akasema basi ulirudishe likiwa safi. Bado ninalo, mzee amekataa kulipokea.

Naona akina dada wa jikoni wananiashiria tangu saa ile, na harufu ya pilau imeshaingia mpaka kwenye maiki. Asanteni kwa kunivumilia. Twendeni tukale, mkaribisheni na yaya, yule pale mwenye khanga ya Tanga, amekaa kwenye basi masaa manne kwa ajili yenu. Ila ukoko niachieni, nimeshaongea na mpishi.